Wahehe, nyanya na sumu ninayouza

Mtanzania akitaka kumtania Mhehe hahitaji kufikiri sana. Utasikia: huyo usimkemee, ni Mhehe, kesho tusije tukaitana msibani. Maana yake ni kwamba Mhehe akiudhiwa kidogo tu atajiua. Watu wanacheka. Nimeusikia utani huo kwenye basi tukipanda mlima Kitonga, kwenye vikao vya harusi, na mara moja msibani kabisa, mahali ambapo ungetegemea watu wawe na aibu kidogo. Mimi ni Mbena wa Njombe niliyeolewa Uheheni. Watoto wangu ni Wahehe. Na nina duka la pembejeo Ilula, wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, kando ya barabara kuu, ninakouza mbegu za nyanya, mbolea na viuatilifu. Kwa lugha ya wateja wangu, nauza sumu.

Mtu mwenye watoto wa kabila linalotaniwa hivyo, na kazi kama yangu, hawezi kuucheka utani huo muda mrefu bila kujiuliza kuna nini ndani yake.

Jibu linalotolewa haraka ni Mkwawa, chifu wa Wahehe wa zamani. Watakuambia ni damu yake. Kweli, Mtwa Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, Wajerumani wakiwa wamemkaribia, baada ya karibu miaka minne ya kuwindwa porini tangu ngome yake ya Kalenga ilipoanguka. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na liko makumbusho pale Kalenga. Lakini yule alikuwa mtawala wa nchi iliyovamiwa, ambaye kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi, na ambaye aliona kukamatwa ni sawa na kuikabidhi nchi. Ukimgeuza kuwa sababu ya kila kijana wa Kilolo aliyezidiwa na maisha, umeidharau historia, na kijana mwenyewe umemsahau. Tena damu ina ubaya mmoja zaidi: haina la kufanywa. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kuitisha mkutano kujadili damu. Bei ya nyanya anaweza.

Mwaka 1985 daktari mmoja Mwingereza, Geoffrey Rose, aliandika makala fupi ambayo watu wa afya ya jamii wanaitaja hadi leo. Aliweka pamoja vipimo vya shinikizo la damu vya wafugaji wa kuhamahama wa Kenya na vya watumishi wa serikali wa London. Katika kila kundi walikuwepo wenye presha ya juu kuliko wenzao na wenye ya chini, ila kundi zima la London lilikuwa limesogea juu. Sasa ukikaa London peke yake ukauliza kwa nini huyu ana presha kuliko jirani yake, utapata majibu ya kweli kuhusu huyu na jirani yake, na bado hutajua kwa nini wote wako juu. Kinachowapandisha wote wanacho wote, kwa hiyo hakionekani.

Nilipoelewa hilo, nilianza kusikiliza mazungumzo ya msibani kwa sikio jingine. Sisi huuliza swali la kwanza tu: alikuwa na nini? Aligombana na nani? Alikuwa mtu wa kunyamaza, mama yake naye alikuwa hivyo hivyo. Yote yanaweza kuwa kweli. Swali la pili, kwamba hapa kwetu kuna nini kinachowakalia watu wengi namna hii, halina mwenyewe.

Nianze na ninachokijua kwa sababu kinapita mezani kwangu. Mkulima wa nyanya wa Ilula ana deni kabla mbegu haijaota. Amekodi shamba bondeni, amenunua mafuta ya mashine ya maji, amechukua mbegu na mbolea, mara nyingi kwa mali kauli kutoka maduka kama langu. Mwezi wa tatu mvua zikizidi na ukungu ukipukutisha mashamba, mwenye nyanya anakuwa tajiri wa ghafla. Mwezi wa nane bonde zima lina nyanya, na bei ya tenga inaweza isirudishe hata gharama ya kuvuna. Bei yenyewe haipangwi hapa. Inapangwa Dar es Salaam alfajiri, dalali anapompigia dalali mwenzake, wakati mzigo wako uko kwenye Fuso unashuka Kitonga na huwezi kuuambia urudi. Wenzetu wa viazi kule Njombe na Uyole wana lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu kwa bei ya gunia moja, na wamelipigia kelele miaka nenda rudi. Maumivu ni ya aina moja: umefanya kila kitu sawasawa, na matokeo yako anayaamua mtu usiyemwona.

Halafu akaja kantangaze. Ni kinondo kidogo chenye asili ya Amerika ya Kusini, kilichoonekana nchini mwaka 2014, na viwavi wake hula jani la mnyanya kwa ndani hadi shamba linaonekana limepitiwa na moto. Watu walipiga dawa mara mbili kwa wiki, wakachanganya mbili tatu kwenye bomba moja, wakarudi kuuliza kama kuna kali zaidi. Tuliwauzia. Wengi walipiga bila barakoa wala glavu, suruali imekunjwa magotini, kisha wakaja kulalamika kichwa na kukosa usingizi. Watafiti wa nchi kadhaa wameona kwamba wakulima waliowahi kudhuriwa na viuatilifu huwa na dalili za sonona zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo hata kabla ya hasara, ile kazi ya kuzuia hasara inaweza kumuumiza mtu kichwani kwa maana halisi ya neno.

Mwisho wa msimu mbaya mume anaanza kuchelewa kurudi. Mke anaonekana ana kelele. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Majirani watasema nyumba ile ina matatizo ya ndoa, na mchungaji ataitwa. Mimi niliyeliona daftari la madeni najua ilianza na tenga.

Wanawake wana lao, na jina lake kila mtu analijua: kausha damu. Kikundi cha wanawake kinakopeshwa, kila mmoja anamdhamini mwenzake, na kila wiki kuna siku ya rejesho. Siku hiyo naiona mapema kuliko kalenda.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Karibu."

"Leo ni rejesho, mwenzangu. Nikikosa wanakuja kubeba godoro."

Watu wa mijini wanaposikia habari hizi hushangaa riba. Riba ni mbaya, sawa. Linalonisumbua mimi zaidi ni lile la kudhaminiana. Mama aliyekwama haogopi kampuni, ambayo ofisi yake iko mjini. Anawaogopa wenzake wa kikundi, jirani, shemeji, mwanakwaya mwenzake, maana akikosa yeye wanalipa wao. Anaanza kuwakwepa kisimani na kanisani. Yaani wale wale ambao angewaendea na kilio chake ndio anaowakimbia. Sijui kama kuna mashine bora ya kutengeneza upweke katikati ya kijiji kilichojaa watu.

Ndiyo maana kuna utafiti mmoja wa Indonesia nimeushika kuliko vitabu vya ushauri nasaha. Serikali ya huko ilipoanza kuzipa kaya maskini fedha taslimu, watafiti walilinganisha maeneo yaliyopata na yasiyopata. Palipopata, vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 18. Na waliona pia kwamba mwaka ukiwa mbaya mashambani vifo hivyo huongezeka. Hakuna aliyepewa kidonge wala mshauri. Walipewa hela. Sisi tuna TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulioanza 2012, ambao kwenye mikutano hupimwa kwa mabati, kuku na daftari za shule. Sijawahi kumsikia mtu akisimama kuuliza kama wanaopata wanalala usiku kuliko zamani. Ningependa kulisikia swali hilo.

Pombe lazima itajwe, ingawa inatajwa kizembe. Iringa na Njombe tuna ulanzi, pombe ya mianzi. Ukigemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata bibi anampa mjukuu kikombe. Ukilala unakuwa mkangafu, na huo ni habari nyingine. Ulanzi una adabu moja: una msimu. Mvua zikikata, mianzi inapumzika na wanywaji nao wanalazimika kupumzika kidogo. Viroba, ile pombe kali ya pakiti ndogo za plastiki, havikuwa na msimu. Vilikuwa bei ya pipi, vinaingia mfuko wa shati, vinauzwa dirisha moja na daftari za watoto. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilivipiga marufuku. Wafanyabiashara walilia na shehena zao, na sehemu ya pengo ilikuja kuzibwa na chupa ndogo. Hata hivyo nasema bila kusita kwamba lile lilikuwa miongoni mwa maamuzi makubwa ya afya ya akili tuliyowahi kuyaona, na hakuna aliyeliita hivyo. Liliitwa la mazingira, la kodi, la vijana. Hakuna kijana aliyekalishwa chini akaambiwa ana udhaifu wa moyo. Kitu kiliondolewa dirishani.

Na sasa niende kwenye lile ambalo watu wa nyanda za juu kusini tumelibeba kuliko mkoa mwingine wowote wa bara, na tunalizungumza kwa takwimu tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta watu wazima wanaoishi na VVU ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kitaifa ni 4.4. Zipo sababu zinazojulikana: barabara kuu ya kwenda Tunduma na malori yake yanayolala Ilula, Mafinga na Makambako, mashamba ya chai na misitu ya Mufindi inayokusanya vibarua mbali na kwao. Hizo wataalamu wamezieleza. Mimi nakumbuka kitu kingine. Nilikua Njombe miaka ya tisini, kabla ya dawa. Msiba ulifuata msiba mpaka watu wakafupisha matanga, kwa sababu ungekaa siku zote za desturi ungemkuta jirani naye amefiwa. Watoto hawakuambiwa mzazi amekufa na nini. Walihamishwa tu, na nguo zao kwenye mfuko wa Rambo, kwenda kwa bibi.

Bibi alikuwa tayari amezika watoto wake wawili au watatu. Akaanza upya na wajukuu watano, na jembe. Hakuna aliyemuuliza analala vipi, na kwa kweli angeona ni swali la kipuuzi, maana alfajiri kulikuwa na maji ya kuteka. Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14. Wale watoto wa mfuko wa Rambo walikuwa na miaka sita, tisa, kumi na mbili. Leo wana thelathini na kitu, wengine arobaini na kitu. Wengine ndio wateja wangu: wana mashamba ya nyanya, wana madeni, wana watoto, na hawajawahi kumlilia mtu kwa sauti. Unapomshangaa mwanaume mzima kwa jinsi anavyonyamaza, hesabu miaka kurudi nyuma uone alifundishwa kunyamaza lini. Kisha uniambie tena habari za damu.

Dawa za ARV zilipofika zilifanya kazi mbili, na ya pili haisemwi. Zilizuia mzazi asife, na zikazuia pia mtoto asihamishwe. Kliniki ya CTC, ile ya matunzo na dawa za VVU, ni huduma ya afya ya akili hata kama mlangoni haijaandikwa hivyo. Ila mtu anayepanda daladala hadi wilaya ya jirani kuchukua dawa ili asionekane na majirani, huyo bado analipa gharama nyingine kwa siri.

Kuhusu bibi, Zimbabwe wamefanya jambo ambalo lingetufaa. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 huko Harare kuwafundisha kina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na waliolemewa, kwa mpangilio maalumu wa kuchambua tatizo moja na hatua moja. Matokeo ya utafiti yalichapishwa mwaka 2016, na waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watu husema tufanye hivyo hivyo huku. Sawa, lakini bibi wa Mufindi naye alipwe posho. Ameshafanya kazi ya bure ya kutosha.

Nipitie haraka mengine mawili. Iringa tunalisha nchi mahindi na viazi, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ukakuta watoto wetu wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni kama asilimia 57, wakati kitaifa ni 30. Chakula kipo, mama yuko shambani toka alfajiri, na mtoto anashinda na uji wa mahindi mitupu. Udumavu unagusa ubongo kabla mtoto hajaanza shule. Na binti wa miaka kumi na minne anayepandishwa basi kwenda kuwa dada wa kazi Dar, mtandaoni wanamtania naye kwa mkoa wake. Huyo akirudi baada ya miaka mitatu akiwa haongei, nyumbani watasema amelogwa huko mjini.

Huduma zenyewe? Ukisema afya ya akili kwa Mtanzania anawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Kutoka Iringa mjini hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 250, na jina lenyewe ni tusi la uwanja wa mpira. Hospitali za rufaa, ya mkoa Iringa na ya kanda Mbeya, zinapokea wagonjwa hawa, na mganga wa zahanati anaweza kuandika rufaa. Watu wengi hawajui hata hilo, kwa hiyo nalisema. Lakini Kanuni yetu ya Adhabu, tuliyorithi kwa mkoloni, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Familia iliyomwokoa mtu wao usiku inajiuliza kwanza kuhusu polisi, ndipo iwaze daktari. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Sioni sisi tunasubiri nini.

Narudi kwenye rafu zangu, maana huko ndiko nina la kufanya mwenyewe. Katikati ya miaka ya tisini Sri Lanka ilikuwa miongoni mwa nchi zenye vifo vingi zaidi vya kujiua duniani, na vingi vilitokana na sumu za mashambani. Serikali ikaziondoa sokoni zile kali zaidi kwa binadamu, moja baada ya nyingine. Ndani ya miaka ishirini kiwango kilishuka kwa kama asilimia 70. Umaskini ulikuwepo, pombe ilikuwepo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwepo hadi 2009. Ila saa mbaya ya mtu, ambayo kwa wengi hupita, ilimkuta nyumbani kwake hakuna kitu kikali kiasi hicho. Mavuno ya nchi hayakushuka.

Niliposoma hayo nilitazama lebo za chupa zangu. Kila kiuatilifu kina mstari wa rangi chini, na mwekundu ndio wa hatari zaidi. Siagizi tena zenye mstari mwekundu, hata zile ambazo mamlaka inaruhusu. Sipimi dawa kwenye chupa za soda, jambo ambalo kwenye minada bado linafanyika mchana kweupe. Namuuliza kila mteja atakihifadhi wapi, na ninauza visanduku vya mbao vyenye kufuli kwa bei ya fundi. Mamlaka ya viuatilifu ingeweza kufanya kwa siku moja na kwa nchi nzima kile ninachokifanya kwa duka moja, kwa sababu mteja ninayemnyima anavuka barabara tu.

Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja wiki iliyopita kutafuta ile aliyoizoea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nipe ile kali."

Nikamwambia siuzi tena, na kwa sababu ni mtu wa kusikiliza nikamweleza habari za Sri Lanka tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kweli, mikono nyuma.

"Na huko Sri Lanka," akauliza, "kantangaze wanamfukuza kwa maombi?"

Nikampa ile ya mstari wa bluu, ambayo inamdhibiti kantangaze mkulima akiwahi kupiga na asipochanganya, lakini ni ghali zaidi. Hakuwa na hela ya kutosha. Nimemwandika kwenye daftari, alipe akishauza.